Doctor Faustus mnafundisha ipi, ya 1604 au ya 1616? Semina yangu imegawanyika

BintiTanga

Habari za saa hizi wadau. Nipo masomoni Uingereza, huku kaskazini, nasomea tamthilia za enzi za Malkia Elizabeth na mfalme James aliyemfuata, na muhula huu idara imenipa semina ya mwaka wa kwanza. Tumeanza Doctor Faustus ya Christopher Marlowe, ile ya msomi anayemuuzia shetani roho yake apate miaka 24 ya nguvu za uchawi. Sasa nikamwambia kijana mmoja asome mwisho kabisa, pale mashetani wanapokuja kumchukua Faustus, akasoma Mungu wangu, Mungu wangu, usinitazame kwa ukali hivyo. Jirani yake akamkatiza, mbona kwangu hakuna Mungu hapo, kwangu imeandikwa ewe mbingu nihurumie. Akadakia wa tatu, kwangu baada ya hapo wanakuja wanachuo wenzake asubuhi wanakuta viungo vyake vimechanwachanwa, na wa kwanza anasema kwangu hilo halipo kabisa. Kufumba na kufumbua darasa zima linabishana nani kapakua faili bovu.

Kwamba ni machapisho mawili hilo nalijua, la 1604 ambalo wahariri wanaliita A na la 1616 wanaloliita B, na B ina mistari zaidi ya mia sita ambayo A haina. Muhtasari wa kozi umetaja jina la tamthilia tu basi, kwa hiyo kila mtu kachukua alichokikuta mtandaoni. Naomba muongozo kwa waliowahi kuifundisha: nichague moja niwabane wote waifuate au niende na zote mbili? Na zile sehemu za vichekesho za katikati, yule mnunuzi wa farasi na ile habari ya zabibu, mnazifundisha au mnaziruka, maana nikifika hapo naona macho yanafumba. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Pazia

Mwanangu usimbane mtu. Ningekuwa mimi ningeanza na huohuo mstari waliougombania, maana historia ya kampuni nzima ya maigizo imelala pale.

Marlowe alichomwa kisu Deptford tarehe 30 Mei 1593 akafa, na hakuna Faustus tunayoijua iliyochapwa akiwa hai. Kazi ilibaki kwa waigizaji, na kwa taratibu za wakati ule mtunzi akishalipwa tamthilia si yake tena, ni mali ya kampuni, wanakata, wanaongeza, wanashona upya wanavyotaka. Philip Henslowe, mwenye ukumbi wa Rose ng'ambo ya mto Thames, katuachia daftari lake la hesabu, na humo Faustus inaonekana kwa mara ya kwanza tarehe 30 Septemba 1594 pamoja na mapato ya siku hiyo. Halafu Novemba 1602 kuna pauni 4 wamelipwa William Birde na Samuel Rowley kwa nyongeza walizoandika kwenye Doctor Faustus. Pauni 4 si hela ya soda, tamthilia mpya nzima wakati huo ilikuwa inakwenda kwa kama pauni 6. Wasomi wengi wanaona sehemu kubwa ya ziada zilizomo kwenye B ndiyo kazi ya hao wawili, mfano kule Roma ambako B inaleta papa wa pili, Bruno, anafanywa ngazi ya Papa Adrian kupandia kwenye kiti chake. Kwenye A hakuna Bruno, Faustus anafika Roma anapora vyakula mezani kwa papa na kumzaba kofi, basi.

Sasa huo mstari wa "Mungu wangu". Mwaka 1606 bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwabana waigizaji, ukilitaja jina la Mungu au la Yesu kwa mzaha au kwa kufuru jukwaani faini ni pauni 10, nusu ya mfalme na nusu ya yule aliyekushtaki. Fikiria hiyo nusu ya pili, maana yake kila aliyelipa peni yake akasimama uwanjani anaweza kutoka na pauni 5 kwa kukuchongea. Kampuni zikaanza kusafisha miswada. Sheria ilihusu jukwaa, haikuhusu vitabu, lakini mchapaji wa 1616 inaelekea alipewa nakala ambayo imeshapitiwa. Waambie hivyo vijana wako halafu watafute wenyewe sehemu nyingine ambapo Mungu kageuka mbingu, hiyo ni nusu saa ya kazi na hakuna atakayelala.

kilifi_kwetu

Mzee kasema ya maana ila mimi ningeanzia mwanzo wa tamthilia si mwisho. Onyesho la kwanza kabisa, Faustus amekaa chumbani na vitabu vyake anavitupa kimoja kimoja, mantiki ah nimeshafika mwisho wake, udaktari ah mgonjwa hufa tu, sheria ah ni kazi ya vibarua, mwisho anachukua Biblia ya Jerome, ile ya Kilatini, anasoma mshahara wa dhambi ni mauti. Anasimama hapo! Kila mtu aliyepitia Sunday school huku kwetu anaumalizia huo mstari hata ukimwamsha usiku, bali karama ya Mungu ni uzima wa milele. Faustus hamalizii. Anaruka mpaka waraka wa kwanza wa Yohana, tukisema hatuna dhambi twajidanganya wenyewe, na hapo tena anakata kabla ya aya ya 9 inayosema tukiungama tutasamehewa. Ndo anasema basi lazima tufe, litakalokuwa na liwe, kwaheri theolojia.

Mimi hufanya hivi, napiga chapa Warumi 6:23 na 1 Yohana 1:8 na 9 kwa karatasi moja, nawapa wasome kwa sauti baada ya Faustus kusoma zake. Kimya. Daktari wa theolojia wa Wittenberg hajui aya ambayo mtoto anaijua? Watazamaji wa London wa 1594 walikuwa wanaenda kanisani kwa lazima ya sheria, Biblia walikuwa wanaisikia kila Jumapili, kwa hiyo wengi wangeshtuka palepale.

Halafu sasa ndo unawapeleka kwenye B karibu na mwisho, Mephistopheles, yule shetani anayemtumikia, anamwambia ulipokuwa unaelekea mbinguni mimi ndiye niliyekuzibia njia, ulipoyashika maandiko mimi ndiye niliyekufunulia kurasa na kuyaongoza macho yako. Hiyo kwa A haipo hata herufi. Sasa niambie, kwa A mtu kajikatia aya mwenyewe kwa kiburi chake, kwa B kuna mkono mwingine ulikuwa kwenye kitabu tangu dakika ya kwanza na sisi hatukuuona. Kosa la nani basi? Darasa langu huwa linagawanyika hapo na huwa siwapatanishi bana.

mkosoaji77

Mnamchanganya huyu dada. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wana insha na mtihani, wanahitaji kitabu kimoja. Fundisha A, ni fupi, ni kali, ni ya Marlowe, B ni uchafu uliobandikwa na watu wa kulipwa miaka tisa baada ya mwenyewe kufa. Ile habari ya shetani kufunua kurasa inaua tamthilia nzima, inamwondolea Faustus jukumu lake. Na vichekesho ruka vyote, haiwezekani mtu aliyeandika ile hotuba ya kumsifu Helen mrembo wa Troy akaandika farasi kugeuka majani makavu.

Mzee wa Pazia

@mkosoaji77 ndugu yangu taratibu. Mwaka 1950 mhariri W. W. Greg alitoa matoleo yote mawili uso kwa uso kurasa zikitazamana, na baada ya kuyachambua alisema B ndiyo iliyo karibu zaidi na karatasi za mtunzi, A akaiona ni kitu kilichokusanywa kwa kumbukumbu za waigizaji. Wakamwamini karibu kila mtu kwa miaka mingi. Wakaja wahariri Bevington na Rasmussen 1993 wakaipindua, wakasema A ndiyo iliyotoka kwenye karatasi za Marlowe na mwenzake aliyeshirikiana naye. Umesikia, na mwenzake. Kwa hiyo hata hiyo A yako unayoiita ya Marlowe mtupu, wahariri wake wenyewe wanasema kuna mkono wa pili, na ndiyo maana vichekesho si lazima viwe vya Marlowe na bado vikawa vya tamthilia tangu siku ya kwanza.

Kama unataka kumpima Faustus kwa jukumu lake basi chukua mstari mmoja tu. Malaika mwovu anamwambia umechelewa, malaika mwema anajibu, kwenye A, hujachelewa kamwe Faustus akiweza kutubu. Kwenye B, hujachelewa kamwe Faustus akitaka kutubu. Ule wa A unakuacha na swali baya zaidi, vipi kama hawezi? Vipi kama Mungu hakumwandikia? Uingereza ya wakati ule ilikuwa imejaa mafundisho ya Calvin, kwamba Mungu ameshaamua nani ataokoka, na huo haukuwa mjadala wa vitabuni, watu walikuwa wanakosa usingizi. Kwa hiyo mambo ni kinyume na ulivyosema, A ndiyo inayoweza kumwondolea jukumu hapo, B ndiyo inayomrudishia, halafu mbele B hiyohiyo inamleta Mephistopheles na kurasa zake. Hakuna toleo lenye msimamo mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho, na mwanafunzi akiligundua hilo mwenyewe insha yake ishajiandika.

Mpenda_Romeo

Kwa nini msifundishe tu Shakespeare mambo yakaisha, ana kitabu kimoja kinachoeleweka, hata Mwalimu Nyerere alitafsiri Julius Caesar na Mabepari wa Venisi hakuhangaika na huyo Marlowe

kilifi_kwetu

@Mpenda_Romeo kitabu kimoja wapi bwana 😂 Hamlet ziko tatu, ya 1603, ya 1604 hadi 1605 na ile ya 1623 kwenye Folio, kitabu kikubwa cha tamthilia zake, na ile ya 1603 inazidi kidogo tu nusu ya hiyo iliyofuata. King Lear ya 1608 na ya 1623 nazo zinatofautiana mamia ya mistari, hata nani anasema maneno ya mwisho ya tamthilia si mtu mmoja. Ni vile tu wahariri wa baadaye walizichanganya wakatupa moja tukadhani ilizaliwa hivyo.

FundiJukwaa

Nimechelewa kuingia. Mimi si msomi wa chuo, ni mtu wa kuongoza maigizo na nimefanya warsha nyingi na wanafunzi, nijibu hilo la kusinzia.

Waache kusoma kitabu. Waigizaji wa wakati ule hawakupewa tamthilia nzima, kunakili kwa mkono ni kazi na karatasi ni ghali, isitoshe kampuni haikutaka nakala zizagae. Kila mtu alipewa msokoto wenye maneno yake tu, na kabla ya kila zamu ya kusema kuna maneno mawili matatu ya mwisho ya mtu aliyetangulia, ndiyo unayoyasubiri. Nani atakayeyasema hujui, baada ya muda gani hujui. Msokoto mmoja wa namna hiyo upo mpaka leo Dulwich, kule kwenye chuo alichokianzisha Edward Alleyn, ni sehemu yake ya Orlando kwenye Orlando Furioso ya Robert Greene. Na huyu Alleyn ndiye alikuwa Faustus wa kampuni ya Henslowe.

Kata onyesho la mkataba wa damu, Faustus na Mephistopheles, mpe kila mmoja karatasi yake tu, wengine wote wafunge vitabu. Utaona wanavyosikilizana! Mwenye Faustus hajui jibu litakalokuja akiuliza jehanamu iko wapi, kwa hiyo anapojibiwa kwamba popote tulipo sisi ndipo jehanamu ilipo, uso wake unakuwa wa mtu aliyeambiwa sasa hivi. Hutapata uso ule ukisoma kitabu wote pamoja.

Na ile saa ya mwisho iigizwe nayo. Saa inagonga kumi na moja kwa hesabu ya Kizungu, Faustus anasema kama mistari thelathini tu, inagonga nusu, anasema kama ishirini hivi inagonga usiku wa manane. Mwambie kijana mmoja asome kwa sauti na mwingine apige meza kila saa inapogonga. Saa nzima imeliwa na dakika chache, na nusu ya pili inakimbia kuliko ya kwanza, mwili wa msikilizaji unahisi kabla akili haijahesabu. Na hiyo mistari ni mizani kumi bila vina kwa kawaida, ila pale inavunjika hovyo, hebu waihesabu wenyewe waone inavunjikia wapi.

Kuhusu vichekesho, mkosoaji77 nisamehe lakini unasoma kwa macho tu. Yule mjinga mwenye njaa anaambiwa na Wagner, mtumishi wa Faustus, kwamba angeuza roho yake kwa shetani apate bega la kondoo bichi lenye damu, anasema aaa hapana, kwa bei hiyo lichomwe vizuri na liwe na mchuzi. Yaani yule kabwela anajadili bei, daktari mzima ametoka kuamua kujitoa bure kwa ndoto za kuizungushia Ujerumani ukuta wa shaba. Na huo ukuta haujengwi ng'o, tamthilia inavyokwenda unamwona anamletea mke wa mtawala wa Vanholt mwenye mimba zabibu wakati wa baridi na kumtapeli mtu farasi. Ukiruka katikati unaruka namna nguvu zake zilivyoporomoka kidogo kidogo, mwisho unabaki na mwanzo mzuri na kifo kizuri na hujui miaka 24 ilikwenda wapi.

Kampuni yenyewe haikuona aibu kwa mbwembwe. Kwenye orodha ya vifaa vyao ya Machi 1598 kuna mdomo wa jehanamu na kuna joka la Faustus. Wameorodhesha kama unavyoorodhesha masufuria.

Mswahili wa Forodhani

Hapo kwa vichekesho niongezee kidogo maana na mimi Marlowe ndo nyumbani. Tamthilia zake mbili za Tamburlaine, yule mshindi wa vita, zilipochapwa 1590, mchapaji Richard Jones aliandika dibaji akasema wazi kwamba ameziondoa sehemu za kipuuzi zilizokuwa zinawafurahisha watazamaji jukwaani kwa sababu haziendani na kitabu chenye hadhi. Basi hatunazo mpaka leo. Kwa hiyo kila anayesema Marlowe hakuwa mtu wa vichekesho akumbuke kuna mtu aliwahi kukaa na mkasi.

Lakini nililotaka kusema ni hili na wewe BintiTanga uwafanyie vijana wako. Sehemu ya pili ya Tamburlaine, tendo la kwanza, jemadari wake Techelles anarudi kutoa taarifa ya safari yake Afrika, amepita Nile, amemvua taji kasisi mkuu John, kakutana na wanawake wapiganaji, halafu anasema nikaenda na jeshi langu mpaka Zanzibar, sehemu ya magharibi ya Afrika. Magharibi! Na anasema aliona bahari ya Ethiopia, mito na maziwa, ila hakukuta mtu wala mtoto nchi nzima. Sisi hatupo 😂 Wahindi, Washirazi, Waarabu, Wareno wenyewe walikuwa wameshatia nanga, yeye kakuta mito tu. Mito na maziwa Unguja.

Mwaka 1924 Ethel Seaton alionyesha kwamba Marlowe alikuwa ameweka mbele yake ramani za Ortelius, zile zilizotoka Antwerp 1570, na kwenye ramani hiyo jina Zanzibar limeandikwa upande wa magharibi. Kwa hiyo Marlowe hakukosea kusoma, kafuata ramani kwa kidole, jina baada ya jina. Ramani hiyo ipo mtandaoni bure, iweke ukutani, mmoja asome maneno ya Techelles na mwingine afuate kwa kidole. Nimeona watu wazima wanasimama juu ya viti waone. Baada ya hapo huna haja ya kuwaeleza kwa nini Faustus anataka kupaa juu ya dunia kwenye gari la majoka akague ulimwengu, washajua kiu ile inatoka wapi, ni watu waliokuwa wanaisoma dunia kwenye karatasi kuliko kuifikia.

Na ukipata muda mruke mpaka kwa mshairi Milton, utenzi wake Paradise Lost wa 1667, malaika Mikaeli anampandisha Adamu mlimani wanatazama falme zitakazokuja na mle ndani Mombasa, Kilwa na Malindi zimo zimepangwa mstari mmoja. Hapo angalau upande wa bahari kaupata.

BintiTanga

Nimesoma yote mara mbili, ahsanteni sana, mzee wangu shikamoo na kwa wengine shukrani. Nimeamua hivi, wiki ijayo naingia na karatasi ya kilifi_kwetu ya Warumi na Yohana kwanza, halafu mkataba wa damu kwa misokoto, halafu ndo tunarudi kwenye ule ugomvi wa "Mungu wangu" na sheria ya 1606. Zanzibar naiweka wiki ya Tamburlaine, hiyo sitamwachia mtu mwingine aifundishe.

Shida iliyobaki ni insha. Kama nawaruhusu matoleo yote mawili watanukuu vipi? Kuna ambao faili zao hazina hata matendo, ni maonyesho mfululizo tu, kuna wengine wana matendo matano.

Mzee wa Pazia

Marahaba binti. Chapa zenyewe za 1604 na 1616 hazikuwa na matendo, hayo matano wameyaweka wahariri baadaye, kwa hiyo usishangae hayalingani. Project Gutenberg wanazo zote mbili kila moja na faili lake, zimehaririwa na Dyce wa karne ya 19, tahajia ameirekebisha lakini kwa kujifunzia zinafaa. Kwenye insha waandike A au B, halafu nani anasema na maneno machache ya kwanza ya zamu hiyo, ukitafuta kwenye faili unayakuta mara moja. Na sharti moja tu: asitoe hoja ya A kwa kutumia mstari wa B bila kusema. Hapo mkatie alama bila huruma.

FundiJukwaa

Ukiandaa misokoto toa kutoka A, zamu ni fupi. Na usimwambie mwenye Faustus kwamba damu yake itaganda katikati ya kuandika, iache imkute palepale.

mkosoaji77

Mimi bado nasema ni A tu. Ila hiyo karatasi ya Warumi naomba na mimi, nina darasa Jumatano.